UKURASA WA MKULIMA: Bustani ya Ngazi Penye Mteremko

Mvua kubwa ikinyesha Machakos, watu wa Malindi hupata habari zake bila kuandikiwa barua. Mto Athi, ambao kule chini huitwa Galana na mwishoni Sabaki, humwaga matope yake baharini kaskazini ya mji huo, na maji ya pwani hugeuka rangi yakawa mekundu kwa mwendo mrefu. Wekundu ule si wa mto wala si wa bahari. Ni udongo wa juu wa mashamba ya bara, pamoja na samadi ambayo mtu aliibeba mgongoni mwezi wa Februari, akaitandaza kwa jasho jingi, akaagana nayo mwezi wa Aprili.

Kwa shamba la mahindi au la kahawa dawa ya jambo hili yajulikana na wakulima wengi, nayo ni matuta makubwa ya kukinga maji. Lakini bustani ya mboga iliyo karibu na jikoni husahauliwa. Nyumba hujengwa mahali palipo sawa, kwa kuwa nyumba haiwezi kulala upande; shamba hupewa mahali penye rutuba; bustani hupewa kipande kilichobaki, na aghalabu kipande hicho ni ule mteremko ulio nyuma ya nyumba, chini ya paa, mahali ambapo hata mbuzi husimama miguu miwili juu na miwili chini. Mwenye nyumba hupanda sukuma wiki mistari sita. Baada ya mwezi mmoja huona mistari miwili ya juu imekonda na mizizi yake iko nje, na miwili ya chini imefunikwa na tope. Basi husema kwamba ardhi ile ni mbaya. Ardhi si mbaya, ila haikupewa mahali pa kukaa.

Bustani ya ngazi, yaani matuta mapana yaliyosawazishwa na kushikiliwa upande wa chini kwa ukingo imara, ndiyo ifaayo mahali kama hapo. Fundi wa mjini akiulizwa atasema kwamba zahitajiwa mbao, misumari, saruji na lori la udongo, na gharama ya vitu hivyo yaweza kuipita bei ya mboga zote zitakazotoka humo kwa misimu mingi. Karani mwenye mshahara wa kadiri na mkulima mwenye ekari moja hawana haja ya hayo. Kitu cha kununuliwa ni kamba, na pengine jembe uma kama halimo nyumbani. Vilivyobaki vimo shambani au kando ya njia, na kazi ni ya mikono.

Hapana budi kuanza na maji, wala si udongo. Watu wengi hujenga kwanza ngazi zao, kisha wakashangaa kuziona zimebomoka katika mvua ya pili, kumbe adui alikuwa juu ya vichwa vyao siku zote. Chukuliwe mfano wa nyumba ya mabati yenye paa la mita 8 kwa mita 6, yaani mita 48 za mraba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kunyesha kwa siku moja katika nchi za milima, humwaga basi lita 2,400 kutoka paa hilo, sawasawa na madebe 120 ya lita 20. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesimama mlangoni akamwaga madebe 120 juu ya miche yake. Lakini paa lisilo na mfereji hufanya hivyo kila siku ya mvua kubwa, na mwenye nyumba amelala. Maji hayo yatiwe katika pipa au tangi, na yatakayozidi yaongozwe kando.

Halafu kuna maji yatokayo juu zaidi, katika njia ya ng'ombe, barabara, au shamba la jirani. Haya hukingwa kwa mtaro mmoja juu ya bustani yote, wenye upana wa sentimita 30 na kina kama hicho. Mtaro huo usiwe sawa kabisa, wala usishuke kwa kasi. Ukishuka sentimita 1 kwa kila mita 2 maji hutembea bila kuchimba. Mwisho wake uwe mahali penye majani mengi yasiyolimwa. Usielekezwe kwa jirani. Mashauri mengi yaliyoitwa ya mipaka mbele ya wazee yalikuwa kwa kweli mashauri ya maji, na mwenye kuanzisha bustani kwa kuharibu bustani ya mwenziwe hatafurahia mboga zake.

Maji yakiisha kupewa njia, ndipo mteremko upimwe. Mti ulionyooka wenye urefu wa mita 2 huwekwa ncha moja juu ya ardhi upande wa kilimani, na ncha ya pili huinuliwa mpaka mti ulale sawa. Nafasi iliyopo kati ya ncha hiyo na ardhi hupimwa. Ikiwa ni sentimita 40, mteremko ni sehemu 20 kwa 100. Yafaa hesabu hii ifanywe mahali patatu au panne, kwa maana macho hudanganya sana milimani. 

Chombo cha kupatia mstari wa usawa, yaani mstari uuzungukao mlima bila kupanda wala kushuka, hutengenezwa kwa miti mitatu. Miwili yenye urefu wa mita 2 hufungwa pamoja juu na kutanuliwa chini, na wa tatu hufungwa katikati kama kidaraja, umbo lake likawa kama herufi A. Kutoka kileleni huning'inizwa timazi, ambayo ni uzi na jiwe tu. Chombo husimamishwa mahali popote, alama hutiwa ardhini penye kila mguu, na alama nyingine hutiwa juu ya kidaraja mahali uzi unapopita. Kisha miguu hubadilishana mahali, na alama ya pili hutiwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Toka hapo mtu hutembeza chombo hicho mguu kwa mguu kuvuka mteremko, akipiga kigingi kila mguu unapotua ilhali uzi umekaa katikati. Mtoto wa shule aweza kuifanya kazi hii kwa asubuhi moja, na kwa kawaida ataifanya vizuri kuliko baba yake, kwa sababu hatakuwa na haraka ya kupinda mstari ili ukutane na ua.

Mstari ukionekana umepindapinda usinyooshwe kwa kamba. Kuna tamaa kubwa ya kuwa na bustani iliyonyooka kama ile ya bomani, lakini mlima haukuumbwa kwa rula. Tuta lililonyooka penye kilima kilichopinda lina mahali pa chini, na hapo ndipo maji yote yatakapokutana na kuvunja ukingo. Kilichoruhusiwa ni kulainisha tu, kigingi kimoja kisogezwe kidogo juu na kingine kidogo chini, ili jembe lipite bila taabu.

Wako wazee ambao wakisikia neno matuta uso hubadilika, na haifai kuwacheka. Katika miaka ya 1930 nchi ya Ukambani iliharibika vibaya kwa mmomonyoko, na serikali ya wakati ule ilianza kwa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kwa maelfu kudai mifugo yao, na Muindi mwenyewe akapelekwa kuzuiliwa Lamu. Katika Murang'a, iliyoitwa Fort Hall, kazi ya kuchimba matuta ilikuwa ya lazima, na sehemu kubwa yake ilifanywa na akina mama. Mwaka 1947 watu walikataa, na mwaka uliofuata akina mama wenyewe walisimama kuipinga. Walilaumiwa kwamba hawakuelewa faida ya udongo. Lakini yaelekea walielewa vizuri sana tofauti iliyopo kati ya kuchimba kwa ajili ya shamba lako na kuchimba kwa ajili ya daftari la mtu mwingine.

Yaliyofuata yathibitisha jambo hilo. Katika Machakos vikundi vya mwethya, ambavyo watu huvichagua wenyewe na kusaidiana kwa zamu, vilichimba baadaye matuta mengi kuliko yaliyopata kuchimbwa kwa amri. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya nchi hiyo, wakaonyesha kwamba toka miaka ya 1930 hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila mtu yakaongezeka. Njia iliyoenea zaidi ni ile ya kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa kilimani, nayo huitwa fanya juu. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi bila kutafsiriwa. Bwana Shamba wa nchi ya mbali, asiyejua hata kusema jambo, huandika fanya juu.

Bustani ya ngazi ni mtoto mdogo wa kazi hiyo. Ila mboga hutaka udongo ulio laini zaidi kuliko mahindi, na ndiyo maana tuta huinuliwa.

Upana wa tuta uwe mita 1, au futi 4 kwa mtu mwenye mikono mirefu, ili katikati yake pafikiwe kutoka kila upande bila kukanyaga. Urefu ni kama mahali palivyo. Penye mteremko wa sehemu 20 kwa 100, tuta la mita 1 litakuwa na tofauti ya sentimita 20 kati ya ukingo wa juu na wa chini. Kwanza udongo wa juu, ule mweusi au mwekundu wenye mizizi mingi, hukwanguliwa kiasi cha sentimita 15 na kurundikwa kando. Jambo hili lisirukwe hata kidogo. Mwenye kulirukia huufukia udongo wake mzuri chini na kuuleta juu ule mfu, kisha hutumia misimu mitatu akinunua mbolea ya kurudisha alichokuwa nacho. Udongo wa chini ukisha kuonekana, nusu ya juu ya tuta huchimbwa sentimita 10 na udongo huo huvutwa kujaza nusu ya chini sentimita 10. Sasa tuta limelala sawa. Jembe uma hupigwa mpaka mwisho wa meno yake ili kulegeza chini, na ndipo udongo wa juu hurudishwa ukiwa umechanganywa na mboji au samadi iliyooza sawasawa.

Ikiwa juu ya yote hayo tuta litainuliwa sentimita 15 zaidi kwa mboji na udongo wa mtaroni, ukingo wa chini utasimama sentimita 25 juu ya ardhi, na ule wa juu utachomoza sentimita 5 tu. Kwa tuta la urefu wa mita 5, kilichoongezwa ni robo tatu ya mita moja ya ujazo, yaani toroli 12 au 13 za lita 60. Sasa alinganishwe mtu ambaye hakuchimba, bali alipanga sanduku la mbao juu ya majani na kutaka kina cha sentimita 30 upande wa juu. Ukingo wake wa chini utakuwa na kimo cha sentimita 50, naye atahitaji mita 2 za ujazo, yaani toroli 33. Udongo huo hana. Ataununua, au ataukwangua shambani. Katika tofauti ile ya toroli 20 ndimo ulimo unafuu wote wa bustani ya ngazi.

Kimo cha ukingo kina jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Udongo wenye maji husukuma, na msukumo wake haukui kwa kadiri ya kimo tu. Ukuta wenye kimo maradufu husukumwa mara 4, na nguvu ya kuuangusha kifudifudi huwa mara 8. Kwa hiyo ngazi tatu fupi hujengwa kwa vitu vya ovyo na zikasimama, wakati ngazi moja ndefu ya kimo chao chote huhitaji fundi, nondo na saruji. Mtu asiye na fedha ajenge vifupi vingi. Ukingo usizidi magoti, na ukiwa chini ya magoti ni bora.

Penye mawe, kama katika vilima vya Taita au sehemu nyingi za Ukambani, hakuna haja ya kutafuta kitu kingine. Msingi huchimbwa sentimita 15, na mawe makubwa kuliko yote hulala chini. Kila jiwe likae juu ya kiungo cha mawe mawili, lisipangwe kiungo juu ya kiungo. Ukuta uegemee kilimani kiasi cha sentimita 5 kwa kila sentimita 30 za kimo. Mawe marefu yaingizwe ncha ndani ya tuta kama meno. Nyuma ya ukuta hujazwa kokoto na vipande vidogo, ili maji yapate kutoka. Saruji haitakiwi, na katika kazi hii ni hasara maradufu, kwani huongeza gharama na kuyafungia maji nyuma ya ukuta, nayo yakifungiwa husukuma mpaka pavunjike. Anayedhani kwamba mawe makavu hayawezi kudumu aende Thimlich Ohinga, huko Migori, akazione kuta zilizojengwa karne nyingi zilizopita bila tone la chokaa, nyingine zikimpita mtu kimo. Mahali hapo paliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018.

Penye udongo mtupu usio na jiwe, kama migongo mingi ya Murang'a, ukingo husukwa kwa fito, sawasawa na ukuta wa nyumba ya udongo kabla ya kukandikwa. Vigingi vinene kama kifundo cha mkono, vyenye urefu wa sentimita 75, hupigwa ardhini mpaka zaidi ya nusu yake izame, kila kimoja sentimita 40 kutoka kwa mwenziwe, navyo vilalie kilimani kidogo. Kati yake husukwa matawi mabichi, mianzi iliyopasuliwa, au vijiti vyovyote vilivyopogolewa. Ndani yake hupangwa majani makavu ya migomba ili udongo usipenye. Mtarakwa hudumu miaka mingi kwa kuwa mchwa hawaupendi. Mkaratusi mchanga huliwa upesi. Kuna miti ambayo kigingi chake huchipua kikashika mizizi, na watu wengine huona hiyo ni bahati. Si bahati katika bustani ya mboga, kwa maana mti ule utakula kabla ya mwenye nyumba.

Kwa sababu hiyo hiyo majani ya nepia yasipandwe kwenye ukingo wa tuta la mboga. Nepia ni majani bora ya ng'ombe, na mahali pake ni juu ya tuta la ule mtaro wa kukinga maji, mbali na mboga. Ukingoni ipandwe michaichai au vetiva, ambayo mizizi yake huenda chini badala ya kuenda upande. Michaichai ina faida ya pili, nayo ni chai ya jioni.

Wamatengo wa Mbinga, katika nchi ya Tanzania, huenda mbali zaidi, nao hawatumii mawe wala fito. Hufyeka majani, wakayalaza katika mistari inayokatana na kufanya miraba juu ya mlima, kisha huchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale kwa udongo. Yanayobaki ni mashimo yaliyozungukwa na matuta, mlima mzima ukawa kama sega la nyuki. Huitwa ngoro. Shimo huyapokea maji, tuta huipokea mbegu, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mboji. Mtu asiye na kitu chochote ila majani na jembe aweza kujifunza hapo: majani yaliyolazwa kwa unene chini ya ukingo wa udongo huushika vizuri zaidi kuliko udongo peke yake.

Kuna vitu ambavyo hupatikana bure, na bure yake ni ghali. Nguzo kuukuu za simu au za umeme zilipakwa dawa nyeusi ya kuzuia mchwa, na dawa hiyo haifai karibu na chakula. Mbao nyingi za zamani zenye rangi ya kijani ya dawa zilikuwa na sumu ya aseniki. Mbao zilizopakwa rangi zamani zaweza kuwa na risasi ndani ya rangi ile. Mabati yenye kutu hayana ubaya huo, ila makali yake yakunjwe au yazikwe, kwa sababu watoto ndio watumwao kuchuma mboga jioni. Magunia ya plastiki yaliyojazwa udongo husimama vizuri kwa muda, lakini jua huyala, na vipande vyake huzagaa shambani mpaka ng'ombe avimeze.

Kati ya tuta na tuta iachwe njia ya sentimita 50, nayo ifuate mstari wa usawa kama tuta lenyewe. Njia isiachwe tupu. Majani mafupi au takataka za mahindi zikitandazwa humo, maji yaliyoruka tuta la juu hupungua nguvu kabla ya kufika la chini. Njia ya kupandia, ile inayokatisha matuta yote kutoka juu hadi chini, iwe moja tu, tena iwe na vipandio vya mawe au magogo na ipindwe kidogo. Njia iliyonyooka juu chini ni mto unaosubiri mvua.

Si kila mahali panapofaa. Kanuni za kilimo zilizotolewa Kenya mwaka 1965 zilikataza kulima penye mteremko uzidio sehemu 35 kwa 100, na kipimo hicho bado ni cha busara. Penye mteremko mkali kuliko huo, na hasa penye udongo mzito wa kina kirefu, ngazi zinazoyashika maji huongeza uzito wa mlima, nao waweza kuteleza wote kwa pamoja. Novemba 2019, huko Pokot Magharibi, maporomoko ya udongo yaliua watu makumi kwa usiku mmoja. Zikionekana nyufa ndefu juu ya mteremko, au miti iliyoinama upande mmoja, au chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, asichimbe mtu hapo, wala asilale chini yake wakati wa mvua. Mahali pa namna hiyo ni pa miti.

Tena, katika nchi kavu tuta lililoinuliwa hukauka upesi kuliko ardhi ya kawaida. Watu wa Makueni na Kitui wasiige ya Murang'a neno kwa neno. Kwao yafaa ngazi ile ile isawazishwe, lakini kati yake ichimbwe chini kidogo kuliko kingo zake, mfano wa sahani, ili kila debe la maji libaki penye mizizi. Na popote pale matandazo ya majani makavu, yenye unene wa vidole vinne, yatapunguza kazi ya kumwagilia kwa kiasi ambacho mchota maji atakiona siku ya kwanza.

Kazi ifanywe wakati wa ukavu, mwezi wa Agosti na Septemba, kabla ya mvua za vuli, ingawa ardhi ni ngumu na sululu hulalamika. Aliyengoja mvua ilainishe ardhi atakuwa na mlima wa udongo uliolegezwa siku ileile mvua inapotaka udongo uliolegezwa. Na aanze na tuta la juu kabisa, kisha ashuke. Tuta moja lililokamilika lafaa kuliko matano yaliyoanzwa, na mtu mwenye kazi ya ofisi asiyepata ila Jumamosi mchana aweza kumaliza moja kwa Jumamosi mbili. Majirani wakifanya kwa zamu, kama ngwatio au mwethya, watamaliza bustani nzima ya mmoja wao kwa siku moja, mwenye bustani akiwapikia.

Mvua ya kwanza ikinyesha, mwenye bustani atoke nayo, gunia kichwani, akaangalie wakati maji yangali yanatembea. Baada ya mvua huonekana uharibifu tu. Wakati wa mvua huonekana sababu yake. Maji yakituama katika tuta hata kesho yake, kokoto za nyuma ya ukuta zimeziba au hazikutiwa. Yakiruka ukingo mahali pamoja, hapo ni pa chini, na udongo wa kujaza kofia mbili utatosha. Katika miezi ya kwanza tuta litashuka, kwa sababu mboji huoza na udongo hujipanga, wala si dalili ya kosa; huongezwa mboji juu, bila kuchimba tena.

Katika msimu wa kwanza hupandwa maharagwe au kunde, ambazo huifunika ardhi mapema na kuizidishia rutuba, na ukingoni michaichai ishikwe na udongo wenye unyevu. Sukuma wiki, mchicha na managu zaweza kuingia mara tu maharagwe yatakapovunwa. Karoti na vitunguu zingoje msimu wa pili, udongo ukiisha kutulia.